Rimu Kuingia, Rimu Kukaa

Kwa fundi wa matairi, kuingia na kukaa ni mambo mawili. Rimu inaweza kuingia kwenye bolti zote sita za pikapu, nati zikazungushwa mpaka zikagoma, jeki ikashushwa, gari likaondoka, na bado rimu ile haijakaa. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshatoa fedha. Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Shelui, chini ya Mlima Sekenke, ambaye siku tuliyokutana alizikataa rimu zangu nne, moja baada ya nyingine, kila moja kwa sababu yake.

Shelui iko wilayani Iramba, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma na Singida kwenda Nzega, na kutoka huko Mwanza au mipaka ya Rwanda na Burundi. Ukitoka Singida unapita Misigiri, kisha unaanza kuteremka Sekenke, mlima ambao kabla ya lami madereva walikuwa wakiutaja kwa sauti ya chini. Ukimaliza mteremko, tambarare ya Wembere imefunguka mbele yako. Hapo ndipo malori husimama. Utingo anashuka na nyundo, anapiga tairi moja moja na kusikiliza; dereva anainama kunusa kama breki zimeungua. Ndiyo maana kando ya barabara hii fundi wa tairi hakosi kazi, na aliyekaa hapo miaka mingi ameona kila aina ya gurudumu linalotembea Afrika Mashariki.

Lakini mwenye lori hana shida kubwa. Malori mengi ya Ulaya, iwe Scania, DAF au Volvo, yana nati 10 kwenye duara la milimita 335, na tundu la kati la milimita 281. Rimu ya moja inaazimwa na jingine, na dereva wa Kigali anaweza kuokolewa na mwenzake wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kumwona. Anayehangaika ni mwenye pikapu ya zamani. Kwenye pikapu, nati sita za huyu na nati sita za yule zinafanana kwa macho, zinafanana hata kwa futi, halafu magari yanakuja kutofautiana mahali ambapo mnunuzi hakufikiria kutazama.

Yangu ni Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, ile yenye springi za vyuma vilivyopangana mbele na nyuma. Imebeba vitunguu, imebeba alizeti, imebeba mawe ya dhahabu kupeleka kwenye karasha la kuyasaga. Rimu zake zilikuwa zimechoka, kwa hiyo nilinunua nne za mtumba, mbali na hapa. Zote zilikuwa zimepigwa rangi ya fedha, zinang'aa, na muuzaji akaniambia zinaingia. Hakusema uongo. Ziliingia. Wiki ya pili usukani ukaanza kutetemeka kila nikifika mwendo wa 70. Kisha nikiwa Shelui, asubuhi moja, nikakuta bolti mbili za gurudumu la nyuma kushoto zimekatika.

Nilimkuta fundi ameketi kwenye tairi la lori, kijana wake anaziba pancha ya bodaboda. Nikamsalimu, shikamoo, akaitikia marahaba. Nilitaka anifungie bolti mpya niendelee na safari. Yeye akazunguka gari mara moja bila kusema, akarudi, akasema, "Ndugu yangu, haya magurudumu si ya gari moja." Akamwambia kijana aachie pancha, alete jeki.

Rimu zote nne zilitolewa na kulazwa chini, uso ukiwa ardhini na mgongo juu. Hapo ndipo kazi niliyokuja kuipenda ilipoanza.

Alianza na matundu ya bolti. Watu wengi hujaribu kupima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, na hukosea, kwa sababu katikati ya tundu hakuna kitu, macho yanakisia. Yeye aliweka ncha ya futi kwenye ukingo wa kushoto wa tundu moja, akasoma kwenye ukingo wa kushoto wa tundu linalotazamana nalo. Kwa kuwa matundu yana ukubwa mmoja, ukingo hadi ukingo ni sawasawa na katikati hadi katikati, na ukingo unashikika. Akanisomea: karibu 140. Kipimo chenyewe ni milimita 139.7. Niliona ni namba ya ajabu mpaka aliponigeuzia futi upande wa inchi: tano na nusu kamili. Ni urithi wa inchi, nao umo kwenye magari mengi zaidi kuliko tunavyodhani. Hilux isiyovuta mbele ya miaka ile ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, yaani inchi nne na nusu. Land Rover ya zamani, Defender na ndugu zake, ni 165.1, inchi sita na nusu. Toyota walipoifanyia marekebisho Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1999, waliacha nati sita za 139.7 wakaenda kwenye nati tano za milimita 150, namba kamili isiyo na deni la inchi. Tangu hapo, mwenye Land Cruiser pikapu ya 1997 na jirani yake mwenye ya 2001 hawaazimani gurudumu.

Nati zikiwa tano hakuna tundu linalotazamana na jingine, kwa hiyo kipimo cha moja kwa moja hakipatikani. Fundi ana dawa yake. Kwenye ubao wa mlango wa kibanda ameandika kwa chaki namba tatu: 67, 88, 97. Ni umbali kati ya tundu na tundu la pili yake, ukingo hadi ukingo. Akipata 67 anajua ni 114.3, akipata 88 ni Land Cruiser mpya, 97 ni Land Rover. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu kwa kalamu, nikizidisha kila moja kwa 1.7 na kidogo, zikatoka zote tatu. Nilipomuuliza amezipata wapi, alisema alizipima kwenye magari yenyewe, mwaka baada ya mwaka, akifuta na kuandika upya mpaka zikaacha kubadilika.

Nadhani mahali penyewe pamechangia tabia hiyo. Shelui ni nchi ya kupima. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na mwaka 1916, vita ikiwa imewabana na fedha zimewaishia, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli. Leo wachimbaji wadogo wa hapa wanauza kwa gramu na pointi zake, na mtu ataulinda mzani kwa macho mawili kwa ajili ya pointi moja. Fundi anayewahudumia watu hao hawezi kuwaambia "inakaribia".

Basi, matundu ya bolti ya rimu zangu zote nne yalikuwa sahihi. Na hapo ndipo masoko mengi ya vipuri yanapoishia. Uwe Gerezani Dar es Salaam, Grogan Nairobi au Kisekka Kampala, swali la kwanza ni nati ngapi, na mara nyingi ndilo la mwisho. Fundi wa Shelui alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Akaja kwenye tundu la kati, lile linalopita kwenye habu. La Hilux yangu ni milimita 106. Rimu iliyokuwa nyuma kushoto ilisoma 110. "Hii ni ya Nissan Patrol," akasema, na kuiweka pembeni. Nilimwuliza milimita nne zina ubaya gani, mbona nati zinabana. Alichukua nati akanionyesha koni yake. Koni hiyo ndiyo inayoivuta rimu ikae katikati. Tundu la kati likilingana na habu, rimu inapata pa kuegemea hata kabla nati haijaguswa. Likiwa pana, kazi yote ya kuiweka katikati inabaki kwa nati, na fundi mwenye haraka akikaza moja mpaka mwisho kabla ya wenzake, ameshaikalisha rimu upande. Nati zinaonekana zimebana, kumbe zinashindana. Gari likitembea zinalegea, rimu inaanza kucheza, na bolti zinachoka mpaka zinakatika. Zangu mbili zilikuwa mkononi mwake wakati akieleza, na uso wa mkatiko ulikuwa na kutu nusu na mng'aro nusu. Nusu ile ya kutu ilikuwa imekatika zamani, akasema, mimi nikiendelea kubeba mizigo juu yake.

Ya pili ilinisikitisha kwa namna nyingine. Ilikuwa ya Isuzu, ambayo tundu lake ni milimita 100, kwa hiyo haikuweza kupita kwenye habu ya Hilux. Mtu fulani alilipanua kwa grenda. Fundi alinishika kidole akakipitisha kwenye ukingo wa ndani, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenzake kusoma kwa vidole. Nikasikia mabonde. Mkono wa mwanadamu ulioshika grenda hautoi duara. Rimu ile ilikuwa inabanwa na habu upande mmoja huku nati zikiivuta upande mwingine. Na kwa kuwa ilikuwa mbele, usukani ndio ulionipa taarifa. Nilikuwa nimeshapeleka gari kwa alainimenti, na nimeshabadilisha vichwa vya usukani. Kosa halikuwa huko hata kidogo.

Ya tatu ilipita mtihani wa bolti na wa tundu la kati. Ilikuwa ya Hiace, yale mabasi madogo ya toleo lililoanza kutoka mwaka 2004, na Toyota waliipa nati sita za 139.7 na tundu la 106 kama ya Hilux. Nikafurahi mapema. Fundi alilaza ubao ulionyooka juu ya mgongo wa rimu, kutoka mdomo hadi mdomo, akateremsha futi mpaka kwenye bamba linalogusa habu. Akafanya vivyo hivyo kwenye rimu yangu ya akiba, ambayo ni ya asili ya gari. Vipimo vilipishana karibu upana wa kidole gumba. Bamba la rimu ya Hiace limesogezwa nje, kwa hiyo gurudumu lenyewe linakaa ndani zaidi, kuelekea chasi. Aliirudisha kwenye habu kwa nati mbili, akakata usukani mpaka mwisho, akaniita niangalie kwa tochi. Ukuta wa tairi ulikuwa umegusa springi, na mahali pa kuguswa palikuwa peusi na laini kwa kusuguliwa. Nilipomuuliza kuhusu kuweka speisa ya kuisogeza nje, alitikisa kichwa akaendelea na kazi.

Ya nne ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa kuwa ilikuwa halali. Ilikuwa ya Hilux, kila kipimo chake sahihi. Aliiegemeza kwenye gogo akaigonga kwa nyundo ndogo akiizungusha, na kwa mizunguko miwili ikaita kama kengele. Mzunguko wa tatu, karibu na tundu moja la bolti, sauti ikafa. Akachukua brashi ya waya akaikwangua ile rangi ya fedha. Chini yake kulikuwa na mshono wa welding uliosagwa ukalainishwa, na pembeni ya mshono, ufa mpya mwembamba kama unywele. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara moja tu kwa siku nzima. Alisema mtu akipasukiwa na rimu ya namna hii kwenye mteremko wa Sekenke, waliopaka rangi watakuwa mbali. Aliongeza jambo ambalo nalirudia kwa uzito wake: welding kwenye rimu ikiwa na tairi lake, hata likiwa limetolewa upepo, imeshaua mafundi. Moto unachemsha kilicho ndani na tairi linalipuka.

Sasa tulikuwa hatuna rimu hata moja, isipokuwa ya akiba. Mwingine angeniuzia chochote alichonacho. Yeye alipiga simu tatu. Kwenye uwanja wa mchimbaji mmoja palikuwa na Hilux ya zamani iliyowekwa juu ya mawe. Tukaenda, akapima na kugonga zote nne, akachukua mbili tu. Moja iliyobaki tulimwagizia mtu wake Dar es Salaam, na namna alivyoiagiza ni somo. Hakuuliza "unayo ya Hilux?" Alitaka picha tatu kwenye simu: futi ikiwa kwenye matundu ya bolti, futi ikiwa kwenye tundu la kati, na ubao ukiwa umelazwa mgongoni na futi ikiteremka. Picha ya pili futi ilikuwa imepinda. Akairudisha, ipigwe upya. Kesho yake jioni rimu ilishuka kwenye basi ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa salfeti, akaipima tena mbele ya kondakta kabla ya kulipa mzigo.

Kulikuwa bado na nati. Kati ya 24 nilizokuwa nazo, alizitenga mbili kwa kuzionja tu kwenye bolti kwa vidole. Zilikuwa za Nissan. Bolti ya Toyota na ya Nissan mara nyingi zote ni milimita 12, na spana ya 21 inazifungua zote, lakini nyuzi za Toyota zimepishana milimita 1.5 na za Nissan 1.25. Nati ya Nissan itaingia kwenye bolti ya Toyota nyuzi mbili tatu, kisha inagoma. Mwenye nguvu atailazimisha kwa spana na kuiharibu bolti. Kibandani mwake kuna makopo mawili ya maziwa ya unga, moja la hizi na moja la zile, na kijana haruhusiwi kuyakaribianisha.

Kufunga kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwanza alisafisha uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Kisha mgongo wa rimu, mahali zinapokutana, akakwangua rangi yote. Rangi nene katikati ya vyuma viwili hubonyea baada ya siku chache, na nati iliyokuwa imebana inajikuta haina cha kubana. Ile rangi ya fedha iliyonivutia ilikuwa na ubaya hata mahali ilipokuwa haifichi kitu. Ndani ya rimu alitoa tope la Wembere lililokauka, lile jeusi linalokuwa zito kama saruji, kwa sababu bonge moja upande mmoja linatosha kutetemesha usukani. Akasoma tarehe za matairi, zile tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yaliyolingana urefu akayapanga pamoja kwenye ekseli moja, difu isiteseke.

Nati zote alizianza kwa vidole. Akakaza moja nusu, akaenda ya upande wa pili inayotazamana nayo, akarudi, mpaka rimu ikalala yenyewe kwenye habu. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikaisikia: mlio mdogo, mkavu, wa chuma kupata mahali pake. Aliinua macho akanitazama kuona kama nimesikia. Ukazaji wa mwisho aliufanya gari likiwa limeshuka chini, kwa spana ya msalaba na uzito wa mikono yake tu. Bomba la kuongezea urefu lilikuwepo kibandani, ni la kufungulia nati zilizogoma. Halitumiki kukaza.

"Nenda Igunga urudi," akasema, "kisha uje nizishike tena." Nilikwenda mpaka mji huo, kwenye barabara ya Nzega, nikarudi. Usukani ulikuwa umetulia kwenye 70, ukatulia kwenye 80. Alizipitia nati zote 24 kwa spana. Tatu zilisogea kidogo sana, nyingine hazikusogea.

Aliponitajia malipo, alihesabu kufunga magurudumu manne na bolti mbili mpya. Nikamkumbusha kwamba alipima siku nzima na jioni ya pili yake. Akasema kupima si kazi, ndugu yangu, kazi ni kufunga. Sikukubaliana naye, na sikubaliani mpaka leo. Kufunga kunafanywa na kila mwenye spana kati ya hapa na Mwanza. Kilichonirudisha nyumbani ni yale mapimo. Kwa hiyo, ukipita Shelui na pikapu ya zamani inayotafuta viatu, usinunue kwanza halafu ndiyo uje kwake. Mpelekee rimu ya asili aipime, mwache aongee na muuzaji, na wakati wa kulipa uitaje wewe mwenyewe kazi ya kupima, kwa maana yeye hataitaja.